Nilikuta Funguo Malaya Kwenye Begi la Mume Wangu

Nilidhani naishi na mtu anayenichunguza. Kumbe mwenye cha kuficha ndani ya nyumba nilikuwa mimi.

Ilikuwa Ijumaa usiku, umeme umekatika, simu yangu inakaribia kuzima. Mume wangu yuko bafuni. Nikaingiza mkono kwenye begi lake la kazini kutafuta pawabenki. Badala ya pawabenki nikatoka na kipochi cheusi cha ngozi, kizito kuliko nilivyotegemea. Nikakifungua kwa tochi ya simu.

Jamani! Ndani kulikuwa na vyuma vyembamba kama kumi na viwili, kila kimoja kwenye kamfuko kake. Kimoja ncha imepinda kama ndoano, kingine kina mawimbi kama nyoka anayetambaa, kingine kina ncha ya pembetatu. Ungeweza kusema ni vifaa vya daktari wa meno. Lakini mimi nimekulia Temeke, na nimesoma magazeti ya kutosha kujua ni kitu gani polisi hukipanga mezani wanapokamata wezi wa magari na wavunja nyumba. Funguo malaya!

Hebu ungekuwa wewe, mpenzi msomaji, ungefanyaje? Baba wa watoto wako wawili, mtu wa shati lililonyooshwa na pasi, injinia wa mitambo ya umeme, halafu unakuta funguo malaya begini mwake.

Niwe mkweli. Mimi sikuwaza wizi hata kidogo. Mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja chini ya kitanda chetu, upande wangu, kwenye sanduku la bati la bluu lenye kufuli. Ndani ya sanduku lile kulikuwa na kitu ambacho sikutaka mume wangu akione. Nikarudisha kipochi palepale, nikafunga zipu, nikakaa gizani kama mtu aliyepigwa na baridi. Alipotoka bafuni akaniuliza mbona kimya. Nikamwambia kichwa kinauma.

"Anakuchunguza huyo!"

Kesho yake nikampelekea mashtaka shosti wangu saluni. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza. "Anakuchunguza huyo! Leo sanduku, kesho simu. Badilisha kufuli, tena nunua la maana." Nikatoka pale na rola kichwani nusu, nikapanda daladala mpaka Kariakoo, kwenye yale maduka ya vifaa vya ujenzi.

Muuzaji alinipangia makufuli kaunta nzima. "Dada, chukua hili, hili hata nyundo halisikii." Nikalipa elfu thelathini na tano bila kuomba punguzo, kitu ambacho wanaonifahamu wanajua hakijawahi kutokea. Lilikuja na funguo tatu. Kwa hofu niliyokuwa nayo, nikazifunga zote tatu kwenye shada moja, nikazitia kwenye pochi yangu. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, mume wangu mwenyewe akaleta kile kipochi mezani, mbele yangu na mbele ya watoto. "Njooni niwaonyeshe mchezo," akasema. Nikabaki nimeshika sahani.

Maelezo yake yalikuwa haya. Mwaka jana kampuni ilimpeleka Ujerumani kwa mafunzo ya miezi mitatu. Jioni moja mfanyakazi mwenzake akamchukua kwenda kwenye kikao cha chama chao. Akakuta watu wazima, walimu, madereva, wataalamu wa kompyuta, wamekaa kuzunguka meza wakifungua makufuli bila ufunguo na kushindana nani wa kwanza. Ujerumani wana chama cha mchezo huo tangu mwaka 1997, kinaitwa Sportsfreunde der Sperrtechnik. Uholanzi nao wana chao, TOOOL, ambacho kimezaa matawi nchi nyingine. "Wanakaa vilevile kama wazee wetu wanavyokaa kwenye bao," mume wangu akasema. "Tofauti ni kwamba badala ya kete, kuna kufuli."

Akaogopa kuniambia aliporudi, kwa sababu alijua nitasema nini. Na kweli ningelisema.

Kufuli linafunguliwaje bila ufunguo?

Akachukua kufuli la kawaida la shaba, lililokuwa likifunga geti letu la zamani. Akatuchorea kwenye karatasi. Ndani ya silinda kuna pini, mara nyingi tano, kila moja imekatwa vipande viwili na kusukumwa na springi. Ufunguo sahihi ukiingia, meno yake yanainua kila pini mpaka pale ilipokatwa panalingana na ukingo wa silinda. Zikilingana zote kwa pamoja, silinda inazunguka. Wazo lenyewe ni la kale sana, Wamisri walikuwa na makufuli ya mbao yenye pini. Aliyelifanya kuwa dogo la kutia mfukoni ni Mmarekani Linus Yale mtoto, kwa hataza zake za mwaka 1861 na 1865.

Kama kiwanda kingeweza kutoboa matundu ya pini kwa mstari ulionyooka kabisa, mume wangu asingekuwa na mchezo. Lakini hakuna kiwanda kinachoweza. Siku zote kuna tofauti ndogo, nywele kwa nywele. Kwa hiyo unachukua kile chuma kilichopindwa kama herufi L, unaingiza chini ya tundu la ufunguo na kukisukuma pole, kama unataka kuzungusha. Pini moja itakaza kabla ya nyingine. Unaitafuta kwa kile chenye ndoano, unaiinua, inanasa. Unahamia ya pili. Ya tano ikinasa, kufuli linaachia.

Alipomaliza kueleza, lilikuwa limeshaachia. Watoto wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyake, nikiwaza kwamba kufuli la mwanzo la sanduku langu, lile nililolitoa jana yake tu, lilikuwa ndugu wa hilo la getini. Na mtu huyu amerudi nyumbani miezi saba iliyopita.

Akaweka vyuma chini, akasema sheria za chama. Ni mbili tu. Ya kwanza, usifungue kufuli lisilo lako bila ruhusa ya mwenyewe. Ya pili, usifanyie mazoezi kufuli linalotegemewa, maana unaweza kuliharibu. Aliyasema haya akiwaangalia watoto. Mimi nilihisi yananihusu mimi, na ningependa kumuuliza swali moja tu: "Ulifungua langu?" Lakini swali hilo lina mkia. Ukiuliza kama mtu ameona, maana yake kuna cha kuona.

Nikafanya ninachokijua

Kazi yangu ni manunuzi. Ofisini ukiniletea kitu, hata iwe karatasi ya printa, nitauliza kimetengenezwa na nani, kwa malighafi gani, na mwingine anauza bei gani. Basi kwa kuwa nilishindwa kumuuliza mume wangu lile swali, nikaanza kuvichunguza vyuma vyake. Nilishangaa kukuta ni biashara kamili, ina majina makubwa kama vile viatu au simu.

Seti yake yeye ni ya Multipick, kampuni ya Kijerumani kutoka mji wa Bonn. Ni watu wa kazi safi, kingo zimelainishwa, mpini unakaa vizuri mkononi. Marekani majina ya siku nyingi ni HPC, ambao mafundi wanawajua pia kwa mashine za kuchongea funguo, na SouthOrd, ambao ndio wengi huanza nao. Seti yao ya PXS-14 ina vipande 14. Kuna Peterson, wa New York, wanaosifiwa kwa chuma kigumu wanachokiita "Government Steel". Kanada wapo Sparrows, wenye seti inayoitwa Tuxedo, na wanauza pia kufuli lililokatwa ubavu ili mwanafunzi aone pini zikicheza. Na yuko yule Mmarekani maarufu wa YouTube anayejiita LockPickingLawyer, ambaye naye amejihusisha na kampuni ya vifaa, Covert Instruments. China wapo Goso, wa bei ya chini, wanaopatikana kila mahali.

Tofauti iko wapi? Iko kwenye chuma. Kichokonoo, ndilo jina nililokipa mimi, kinatakiwa kiwe chembamba ili kipite kwenye tundu dogo, lakini kisipinde wala kukatika. Vingi vina unene wa inchi 0.025, yaani kama milimita 0.6. Kwa makufuli ya Ulaya yenye tundu la ufunguo lililobana, hutumiwa vya inchi 0.015, chini ya nusu milimita. Seti rahisi hutengenezwa kwa chuma laini, kinapinda wiki ya kwanza, na ukikiminya sana ncha inabaki ndani ya kufuli. Halafu kuna kusafishwa kwa kingo. Chuma kilichokatwa na kuachwa na makali kinakwaruza, na mkono hausikii pini. Mume wangu anasema mchezo wote uko kwenye kusikia kwa vidole.

Jina lililonigusa zaidi ni Lishi, kwa sababu nilishawahi kuliona bila kujua. Mwaka juzi dada mmoja wa ofisini kwetu alifungia funguo ndani ya Toyota yake kwenye maegesho, mtoto akiwa kiti cha nyuma. Fundi aliyekuja hakuvunja kioo. Alitoa kakifaa ka chuma kenye mistari midogo kama rula, akakaingiza kwenye tundu la mlango, na baada ya dakika chache mtoto alikuwa mikononi mwa mama yake. Kile kilikuwa kifaa cha Lishi, ubunifu wa Mchina Li Zhi Qin. Kinafungua na papo hapo kinasoma meno ya ufunguo, ili fundi aweze kuchonga mpya. Kila kimoja kinapewa jina la aina ya ufunguo wake: TOY43 kwa baadhi ya Toyota, NSN14 kwa Nissan, HU66 kwa Volkswagen. Siku ile hakuna aliyemuita fundi yule mwizi. Tulimwita malaika.

Ndiyo maana nchi hazikubaliani kuhusu vifaa hivi. Japani walipitisha sheria mwaka 2003 inayomkataza mtu kuwa na vifaa maalumu vya kufungulia kufuli bila kazi au sababu halali. Nchi nyingine unanunua dukani kama bisibisi. Huku kwetu Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayekutwa usiku na zana za kuvunjia nyumba bila sababu ya halali. Nilipomwonyesha hilo, mume wangu alikitoa kipochi kwenye begi la kazini siku ileile. Sasa kinakaa kabatini. Kwa hiyo uchunguzi wangu angalau ulizaa hilo.

Kufuli lenye kusema

Jioni moja akawa anawasimulia watoto habari za Uingereza. Mwaka 1818 fundi mmoja, Jeremiah Chubb, alitengeneza kufuli lililokuwa na ujanja wake. Mtu akijaribu kulichokonoa na kuinua kipande kimoja kupita kiasi, kufuli linajifunga kwa ndani na kukataa hata ufunguo wake halisi. Mwenye nyumba akirudi, ufunguo ukigoma, anajua: mtu amegusa hapa. Kwa miaka zaidi ya 30 watu waliamini halifunguki. Kisha mwaka 1851 kwenye maonyesho makubwa ya London akaja Mmarekani, Alfred Charles Hobbs, akalifungua kwa dakika kama 25. Akaenda na kwenye kufuli la Bramah, lililokuwa limewekwa dirishani mwa duka na zawadi ya gini 200 kwa atakayelishinda. Hilo lilimtoa jasho: saa 51 za kazi, kwa siku 16. Lakini lilifunguka, na zawadi akalipwa.

Watoto walimpenda Hobbs. Mimi nilimpenda Chubb. Nikaona: nami nitafute kufuli lenye kusema!

Usiku ule nikakata kipande cha uzi mwekundu, nikakipitisha kati ya kifuniko na ukingo wa sanduku, karibu na kufuli. Ukifunguliwa, uzi unadondoka. Kila asubuhi nikawa nainama kama mtu anayetafuta kandambili. Wiki ya kwanza uzi upo. Ya pili upo. Ya tatu upo. Ungetegemea nifurahi, kweli? Wala. Uzi unaweza kusema kuhusu leo na kesho. Kuhusu ile miezi saba hauna habari. Na kuna kitu kingine kilianza kunisumbua: kila nilipoinama pale, nilikuwa nafanya kazi ya upelelezi ndani ya chumba changu cha kulala, dhidi ya mtu anayeniletea chai.

Sasa nikwambie kilichokuwemo. Hakikuwa barua za mwanaume, pole kama ulitegemea hivyo. Kilikuwa kitabu cha kikoba. Mdogo wangu wa kiume alishachukua pesa za mume wangu miaka ya nyuma kwa biashara ya bodaboda, zikapotea, na maneno makali yakatoka. Mume wangu akasema basi, asiombwe tena. Mwaka jana mdogo wangu akapata ajali, akahitaji kufanyiwa upasuaji wa mguu. Mume wangu alikuwa Ujerumani. Nikakopa kikobani milioni moja na laki nane, riba asilimia kumi. Kila mwezi nilikuwa nalipa 165,000 kwa mwaka mzima, nikisema bei za sokoni zimepanda. Mume wangu akawa anaongeza hela ya matumizi bila kuuliza. Hapo ndipo palipokuwa panauma.

Dakika arobaini

Jumamosi moja ilikuwa siku ya kikoba. Saa nne asubuhi nikatafuta pochi ndogo ya funguo. Haipo. Nikamwaga mkoba kitandani, nikapekua magodoro, nikampigia kondakta niliyekuwa na namba yake. Funguo zote tatu, shada moja, zimekwenda. Bila kitabu marejesho hayaandikwi, na mwenyekiti wetu ni mama asiyejua kucheka.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda kama robo saa. Ningeweza kuita fundi. Ningeweza kulipiga nyundo. Mwisho nikaenda sebuleni. "Baba watoto," nikasema, "nimepoteza funguo za sanduku langu. Naomba unifungulie."

Akaniangalia. "Ni lako, na umeniruhusu?"

"Ni langu. Nimekuruhusu."

"Kufuli hili unalitegemea. Linaweza kuharibika."

"Acha liharibike."

Akakaa sakafuni na kipochi chake. Nilitegemea dakika moja, kama lile la getini. Kumbe kufuli langu la elfu thelathini na tano lilikuwa na pini zenye kiuno, umbo la kibiringo cha uzi. Pini za namna hiyo zinamdanganya mchokonoaji, zinanasa nusu, anadhani amemaliza kumbe bado. Alirudia mara nyingi. Dakika arobaini nilikaa pembeni yake sakafuni, na kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini na macho yake yalikuwa kwenye kufuli, nikapata ujasiri wa kuuliza.

"Uliwahi kulifungua? Lile la zamani?"

Hakuinua kichwa. "Nililishika. Wiki ile niliyorudi, ulikuwa kazini. Nikaweka chuma ndani, nikasikia pini ya kwanza imenasa. Nikaacha." Akanyamaza kidogo. "Na ule uzi wako mwekundu niliuona siku ya pili, nilipovuta sanduku la nguo ili nifagie. Kila nikifagia nilikuwa naogopa kuudondosha."

Kufuli likaachia. Akalitoa kwenye pete, akaliweka pembeni, akanisogezea sanduku bila kugusa kifuniko. Akaanza kunyanyuka atoke nje. Nikamshika mkono. "Kaa."

Nikafungua mwenyewe, nikampa kitabu.

Sitaki kukudanganya kwamba tulikumbatiana muziki ukapiga. Alisoma kurasa zote, mwezi kwa mwezi. Alichosema ni hiki: "Ningekataa, ningekataa usoni kwako, tukagombana, tukamaliza. Wewe uliamua kunijibia." Kwa siku nne tuliongea habari za watoto tu. Siku ya tano akaniuliza mguu wa shemeji yake unaendeleaje. Marejesho mawili ya mwisho tuliyalipa wote. Yeye na mdogo wangu bado si marafiki, lakini Idi iliyopita walikula sinia moja.

Sanduku bado lipo. Nina vitu vyangu humo, na mume wangu anasema ni haki yangu. Faragha ni kile ambacho mwenzako anajua kipo na anakuachia. Siri ni kile unachokiwekea uzi. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa akiba anao dada yangu.

Kabla hujafungua pochi

Kwa walioanza maisha, haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama zangu:

• Usinunue kufuli kwa ukubwa wake. Linaweza kuwa zito na ndani likawa rahisi. Uliza kama lina pini za usalama, zile zenye kiuno.

• Jifunze majina. Union, jina la Kiingereza ambalo wengi tulilikuta kwenye vitasa vya nyumba za wazazi, leo liko chini ya ASSA ABLOY, kundi lililozaliwa mwaka 1994 kwa kuungana kwa Assa ya Uswidi na Abloy ya Finlandi. Abloy wenyewe wanajulikana kwa makufuli yanayotumia visahani vinavyozunguka badala ya pini. Mfumo huo ulibuniwa mwaka 1907, na funguo malaya za kawaida haziufai kitu.

• Jina likiwa kubwa, na feki ni nyingi. Angalia maandishi kwenye kufuli na kwenye ufunguo kama yanafanana, na nunua duka linalotoa risiti.

• Usisahau pete na bawaba. Mwizi wa mtaani hana subira ya dakika arobaini, atakuja na nondo. Kufuli la bei mbaya kwenye mlango wa mbao laini ni hasara.

• Funguo za akiba zisikae shada moja. Mimi ni shahidi.

• Ukiita fundi wa funguo, ita anayefahamika mtaani, simama naye mpaka amalize, na usishangae akikuuliza una uthibitisho gani kwamba nyumba au gari ni lako. Fundi asiyeuliza ndiye wa kumwogopa.

• Ukivutiwa na mchezo wenyewe, anza na vyuma vichache vya chuma kizuri kuliko seti ya vipande thelathini vya kupinda. Fanyia mazoezi kufuli lako la akiba, nyumbani, na usitembee navyo usiku.

Na kama mwenzako ana kufuli ambalo huna ufunguo wake, mwombe akufungulie mwenyewe. Mimi nilichelewa kuombwa, kwa sababu nilihakikisha hakuna wa kuniomba.